Kamera ya Mashimo ya Pweza

Nimekuwa mtu wa kinyaa tangu utoto, na nilizaliwa katika nyumba isiyomfaa kabisa mtu wa kinyaa. Mama yangu aliishi kwa pweza. Kila bamvua, maji yakipwa, alikwenda mwambani na chuma chake, akarudi na furushi linalochuruzika. Kabla hajaingia ndani alimpiga pweza kwenye jiwe la uani mpaka akalainika na povu la kijivu likatapakaa. Nzi walilijua jiwe lile kuliko mimi nilivyolijua jamvi langu. Siku hizo nilikula wali mkavu. Mama alinicheka, akasema amezaa sultani pasipo na kasri.

Nilipopata akili nililikimbia shombo. Nilihamia Palma mjini nikafungua chumba cha picha: shuka nyeupe ukutani, kiti kimoja, kioo, na kitana kilichofungwa kwa uzi. Kitana hicho nilikiosha kila jioni kwa sababu vichwa vya watu navyo vina mambo yake. Kazi yangu kubwa ilikuwa picha za kitambulisho, BI kama tunavyokiita huku. BI haitaki mchezo. Uso uwe mbele, masikio yaonekane, nyuma pawe peupe, pasiwe na kivuli wala kitu chochote. Nilikuwa hodari wa kuondoa vitu. Namfuta mteja jasho, nanyoosha ukosi wake, natoa uzi begani, ndipo napiga. Gesi ilipopatikana kule baharini na habari ikaenea kwamba ajira zinakuja, nilipiga nyuso mpaka kidole kikafa ganzi. Waliokuja kutoka uwanda wa juu na waliozaliwa hapahapa ufuoni walikaa kwenye kiti kilekile, wakaacha jasho lilelile, na mimi nikakipangusa kwa sabuni kila baada ya mtu kuondoka. Wengine waliniona nina dharau. Sikuwa na dharau, nilikuwa na kinyaa, ingawa aliyefutiwa kiti nyuma yake haoni tofauti.

Kijiji cha mama kilikuwa ng'ambo ya ghuba, kwenye rasi ambayo wenye gesi walisema wataihitaji yote. Wakaja watu wa orodha. Walihesabu minazi, mikorosho, nyumba, vyoo, hata makaburi. Mwenye mtumbwi na nyavu aliandikwa mvuvi, na mvuvi aliahidiwa fidia ya bahari pamoja na ufuo mwingine wa kufanyia kazi baada ya kuhamishwa. Wanawake wa mwambani hawakuwa na chombo cha kuonyesha. Wao waliandikwa doméstica, neno la Kireno la mwanamke wa kukaa nyumbani, na mwanamke huyo huhesabiwa chini ya mume wake. Mama yangu alikuwa mjane. Angepewa nyumba ya matofali katika kijiji kipya huko ndani, mbali na maji, bila kingine chochote. Bahari ingekuwa haimjui.

Nilikwenda naye kwa afisa wa orodha ili nimsemee, kwa kuwa afisa alikuwa mtu wa kusini na hakujua hata salamu yetu. Akaeleza kwamba mwamba unaokauka ni wa kila mtu, hawezi kuuandika kuwa mahali pa kazi pa mtu mmoja. Lakini mwanamke mwenye mahali pake mwenyewe chini ya maji alete picha. Picha zitawekwa mbele yake na mbele ya wenzake, na akizitambua, ataandikwa mvuvi. Mwanamke mmoja alikuwa ameshaleta picha ya simu. Afisa akaigeuza juu chini, akaicheka, akasema yeye haandikishi matope. Kicheko kile kilinichefua. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyekwisha kula. Nikamwambia mama, mbele za watu, kwamba mimi ni mpiga picha, nitaleta picha safi ambazo hatapata pa kuzichekea.

Mama alikuwa na mashimo saba. Yalikuwa ya mama yake kabla hayajawa yake, na yalikuwa kwenye ukingo wa mwamba, ambako hata bamvua kubwa haikaushi, maji yanabaki kifuani. Katika wanawake wale hakuna aliyegusa shimo la mwenzake. Walijua lipi ni la nani. Walijuaje, sikuuliza. Mambo ya mwambani yalikuwa ya wanawake, na mimi nilikuwa mtu wa shuka nyeupe.

Ikabaki kamera. Ile ya chumbani kwangu ilikuwa mkate wangu, siwezi kuitia majini, na kasha la kuivalisha lingegharimu kuliko chumba chenyewe. Nilihitaji kitu cha bei ya mtu kama mimi.

Nilianza na ujinga, yaani mfuko. Sokoni palikuwa na mfanyabiashara aliyeleta vitu kutoka Mtwara, na miongoni mwake mifuko ya plastiki ya kutia simu, yenye kamba ya kuvaa shingoni. Nikanunua mmoja. Ulinuka kama kandambili mpya iliyoachwa juani. Nikautia simu, nikauzamisha kwenye ndoo nyumbani. Maji yakaukandamiza mfuko kwenye kioo, na kioo kikaona kila tone kuwa ni kidole. Simu ikapiga picha yenyewe, ikafungua redio, ikampigia simu binamu yangu. Kidole changu mwenyewe ndicho ilichokataa kukitambua. Ndani mfuko ulitoa jasho kama kwapa. Picha zilizotoka zote zilikuwa za sakafu ya ndoo, na ndipo nikagundua kwamba ndoo yangu, niliyokuwa naogea, ilikuwa na utelezi wa kijani chini. Nilisugua ndoo ile mpaka magharibi na mfuko nikautupa.

Pili, mfanyabiashara yuleyule akaniuzia kikamera kidogo cha kuvaa kichwani, cha bandia, chenye kijisanduku cha plastiki ang'avu. Karatasi ilidai kinashuka mita thelathini. Nilikipeleka ufuoni kwenye maji ya goti. Maji hakikuingiza, haki yake nikipe. Lakini jicho lake lilikuwa pana mno: linachukua bahari nzima na mguu wangu pia, na kitu unachokitaka kinakuwa kitone. Ukikisogeza karibu, kila kitu kinakuwa uji. Hakina kitufe cha kukiambia kitazame wapi. Na rangi! Kila picha ilikuwa na rangi ya maji yaliyochemshiwa matembele. Nilipokirudisha, mfanyabiashara aliniambia kikamera ni kizima, bahari ndiyo mbovu. Akanikubalia kwa shingo upande nibadilishe na betri nne na tochi.

Ya tatu niliipata kwa mgeni mmoja, mpiga mbizi aliyefanya kazi kwenye meli za uchunguzi. Mkataba wake ulikuwa umekwisha na alikuwa anauza vitu vyake katika nyumba ya wageni. Chumba chake sitakisahau. Vazi la mpira la kuzamia lilitundikwa dirishani likidondosha maji juu ya mkate uliokatwa, na soksi zilikuwa zimesimama zenyewe. Nilizungumza naye nikiwa mlangoni, nikipumulia mdomo. Lakini kamera yake ilikuwa ndiyo. Ilikuwa ndogo, ya zamani, imechubuka pembe, na kasha lake lilitengenezwa kwa ajili yake hasa, kila kitufe cha nje kikigusa kitufe cha ndani. Ukibonyeza unasikia umebonyeza. Iliweza kutazama kitu kilicho shubiri moja mbele yake bila kuona kizunguzungu.

Tena iliweza kufundishwa weupe. Mgeni alinieleza jambo hilo kwa Kireno kibovu, na mimi nikalipenda mara moja. Maji yanakula nyekundu kwanza, akasema, ndiyo maana picha zote za chini zinatoka kijani au buluu. Basi unashuka na kitu cheupe, unakiweka mbele ya kamera, unaiamuru: hiki ndicho cheupe. Kuanzia hapo inazirudisha rangi nyingine mahali pake. Alikuwa pia na flashi kubwa ya kuzamia, yenye mikono miwili kama kaa, lakini bei yake ilinifanya nirudi nyuma hatua moja. Akasema naweza kuishi bila hiyo. Hata ile flashi ndogo ya kamera niizime, kwa sababu inamulika vumbi la majini na picha inajaa pumba. Nisogee karibu sana, nisubiri jua liwe juu, basi. Alinipa ushauri wote huo bila kuniuzia chochote cha ziada, nami nikamheshimu pamoja na soksi zake. Niliuza feni ya chumbani kwangu ili nifikishe bei. Wateja wangu wakazidi kutoa jasho, nami nikazidi kukipangusa kiti.

Nilipofungua kasha nyumbani, uvundo ulinipiga usoni, uvundo wa maji ya chumvi yaliyofungiwa. Kuna mpira mwembamba wa mviringo unaoziba mlango wa kasha, na huo ndio uhai wa kamera. Juu ya mpira ule, katikati ya mafuta yaliyoganda, palikuwa na unywele mmoja wa manjano. Niliutoa kwa kibano cha nyusi nikiwa nimegeuza uso. Mama, aliyekuwa amekuja mjini kunitembelea, akaniletea kikombe cha mafuta ya nazi niupake mpira. Nilimfokea. Nazi ingeleta sisimizi na kuvunda, na mgeni alikuwa amenipa kijitubu cha mafuta yake maalumu. Mama akaondoka na kikombe chake, akajipaka mwenyewe miguuni.

Kisha nikafanya jambo moja la busara, ambalo namwambia kila anayeniuliza. Sikutia kamera. Nilitia karatasi laini kavu ndani ya kasha tupu, nikalifungia jiwe, nikalizamisha kwenye pipa tangu adhuhuri mpaka alasiri. Karatasi ilitoka kavu. Nilishukuru Mungu nikaosha mikono mara mbili.

Siku ya bamvua maji yalikupwa kabisa yapata saa nne na nusu asubuhi, jua likiwa limeshapanda vizuri. Nilivaa soksi, viatu vya mpira na glavu, na begani nilining'iniza sahani nyeupe ya plastiki, ndiyo mwalimu wangu wa weupe. Wanawake wa mwambani walipoona msafara wangu walicheka mpaka mmoja akakaa majini. Sikujali. Nilikuwa nimeshughulika na majongoo ya bahari, yaliyolala kila mahali manene na meusi, na kila nililolikanyaga kwa bahati mbaya lilinitemea ute. Nilitapika kidogo, nikasingizia jua.

Mama alitangulia mpaka ukingoni, akasimama kwenye maji ya kifua na kunionyesha kwa ncha ya chuma: hili, na hili, na lile pale chini ya jiwe pana, hadi yakatimia saba. Kisha akaniacha. Maji ya bamvua hayamsubiri mtu na alikuwa na kazi yake upande mwingine. Nilimuuliza nikipotewa na moja nifanyeje.

"Utayaona tu," akasema. "Yanajionyesha."

Nilivaa miwani, nikavuta pumzi, nikashuka kwenye la kwanza. Nilichokiona mlangoni kilinirudisha juu nikikohoa. Palikuwa na jaa. Maganda ya kaa yenye nyuzi za nyama zinazopeperuka, magamba ya chaza, moja likiwa limelala kifudifudi na ute umelifunika, mawe matatu yaliyoota manyoya ya kijani, na mwani uliooza juu ya vyote. Hivi ndivyo mama yangu atakavyoonekana mbele ya yule afisa wa kucha safi? Nilimsikia akicheka tena. Nilimsikia akisema haandikishi takataka.

Basi nikafanya kazi yangu. Nilishuka nikayafagia maganda kwa glavu, nikatupa magamba mbali kwenye kina, nikayabiringisha mawe, nikang'oa mwani. Nikangoja vumbi litulie. Nikaiweka sahani mlangoni, kamera ikajifunza weupe, nikaiondoa, nikapiga. Kwenye shimo la tatu pweza alikuwamo. Jicho lake lilinitazama nikimfagilia kizingiti, kisha akabadilika rangi akazama gizani. Nilipiga yote saba kabla maji hayajarudi. Glavu nilizizika mchangani.

Zilikuwa picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga, na nasema hivyo hata leo, ingawa kulisema kunanichoma. Jiwe lilikuwa na rangi ya jiwe. Kila shimo la duara, jeusi, katikati kabisa, pembeni pasafi, hakuna hata unyoya. Nilizichapisha kubwa, nikazitia kwenye bahasha mpya, na sikumwonyesha mama. Nilitaka azione pamoja na afisa.

Siku ya mwisho ya orodha, kazi ilifanyika katika darasa la shule. Wanawake wa mwambani walijazana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa mbao. Afisa alizipanga picha zangu saba mezani, na nilimwona uso ukibadilika. Akasifu. Akauliza nimetumia kamera gani, nikamjibu nikiwa nimefura. Kisha akanigeukia nimtafsirie swali lake, la kawaida tu, la kujaza fomu: je, bibi anapatambua mahali pake?

Mama aliinama juu ya meza. Alizitazama moja baada ya moja, akarudia ya kwanza, akaisogeza kwa ncha ya kidole.

"Haya ya nani?" akaniuliza.

Nikacheka kidogo. Nikamwambia ni yake, alinionyesha mwenyewe kwa chuma chake.

"Siyo yangu, mwanangu. Yangu yana mlango." Alisema bila haraka, kama mtu anayemweleza mtoto njia ya kisimani. Kila mwenye shimo huweka chaza kifudifudi mlangoni, na mawe yake pembeni. Yeye ni matatu, upande wa kulia, kama mama yake alivyoyaweka. Mwingine ni mawili, mwingine upande wa kushoto. Maganda ya kaa ni ya pweza mwenyewe, yanasema yumo. Anayepita huona, hujua ni kwa nani, hupita zake. "Haya hayana mtu," akasema. "Haya yanaweza kuwa ya yeyote."

Nyuma yangu madawati yalilia. Wenzake walikuwa wanasogea kutazama, na niliwasikia wakikubaliana naye: hayana mtu, hayana mtu. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wanasema kilichokuwa mbele ya macho yao.

Afisa akauliza bibi anasema nini.

Kabla sijatafsiri, mama aliinua uso kutoka kwenye picha, akaitazama mikono yangu, si uso wangu, mikono. Akapunguza sauti ili dawati la kwanza lisisikie.

"Uliyafagia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilijua ninalopaswa kusema, na Kireno chake nilikuwa nacho chote: kwamba mashimo ni yake, kwamba alama zilikuwepo, kwamba mimi mwanawe ndiye niliyezitupa kwenye kina kwa sababu zilinitia kinyaa. Lilikuwa jambo la sentensi tatu. Na darasa zima lililokuwa nyuma yangu lilikuwa la watu ambao nimewafuta jasho, nimewanyooshea ukosi, nimewapangusia kiti wangali mlangoni.

Mama alilitazama darasa, akanitazama mimi. Kisha akakaa vizuri kwenye dawati, akaweka viganja juu ya mbao na kupaza sauti ili wote wasikie.

"Mwambie nimesahau," akasema. "Mwambie mimi mzee, macho hayaoni tena."

Macho yale yalimwona pweza aliyejigeuza jiwe, kwenye maji ya kifua, siku ya mawimbi. Nilimgeukia afisa, nikatafsiri. Nilitafsiri vizuri, kwa Kireno changu kisafi cha shule, sikuacha neno. Afisa akasikitika kwa adabu, akazirudisha picha kwenye bahasha, akaandika doméstica, akaita jina linalofuata. Na mimi nikasikia kifua changu kikishusha pumzi, pumzi ndefu tamu ya mtu aliyeokoka. Nimeona uvundo mwingi maishani mwangu, na nimeukimbia wote. Wa pumzi ile ndio pekee ambao sijapata pa kuukimbia.